Menego na Kanzoneta ya Nyuki

Mjomba wangu Menego alikuwa na mikono ya buluu. Kazi yake ilikuwa kutia rangi nguo za sufu, na kwa miaka yote aliyozamisha vitambaa kwenye mapipa ya nili, rangi ilikuwa imemwingia hadi juu ya viwiko, ikakaa kwenye kucha na ndani ya mistari ya viganja. Watoto wa mitaa mingine walimkimbia. Sisi tuliozaliwa tukamkuta vile tulidhani wajomba wote wa dunia wako hivyo.

Hakuwahi kuoa. Aliishi nasi Bassano, kwenye kichochoro cha watia rangi kando ya mto Brenta, kwa sababu mama yangu alikuwa dada yake mdogo, na baba yangu alikuwa mtu wa kushusha magogo mtoni, mtu wa kuonekana nyumbani kama sikukuu. Kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa mjomba. Alikuwa mzito wa mwili, mpole, mwoga wa ugomvi, na anasa yake ilikuwa moja tu: kila Jumapili baada ya sala ya jioni alikwenda kuimba kwa Alvise kinyozi.

Waimbaji walikuwa watatu. Alvise mwenyewe, mwembamba, mdomo usiochoka, aliimba sauti ya kwanza kwa kubana koo mpaka ikatoka nyororo kama ya mwanamke. Iseppo mshona viatu, ambaye ukimsalimu anajibu kwa kichwa, alishika sauti ya pili, na alikuwa akiimba amefumba macho. Mjomba alikuwa besi. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma muziki. Walijua nyimbo chache za kanisani, na zile za walevi ambazo Wakristo wote wanazijua.

Halafu ukaja mwaka wa mafuriko. Brenta ilipanda hadi ikaramba mbao za daraja, na wasafiri wakakwama mjini. Mmoja wao alikuwa mwimbaji kutoka Vicenza aliyekuwa njiani kwenda Feltre kuimba kwenye harusi ya wakubwa. Alvise akampa kitanda na supu, na yule bwana, ambaye hakujua kukaa kimya, akawafundisha wale watatu wimbo wa mtindo uliokuwa ukipendwa mijini siku zile. Kanzoneta, aliuita: wimbo mdogo mwepesi, wa beti chache, wa kuimbwa huku watu wanatabasamu. Sauti mbili za juu zinafukuzana, moja inakimbia na nyingine inaidaka mkia, na besi iko chini inajitembelea polepole. Ulikuwa wimbo wa mtu anayemwonea nyuki wivu:

Nyuki, mwizi wa maua,
wapita bila kubisha;
mimi nje kwenye mvua,
nabisha, ninajichosha.

Wale wawili wa juu walikuwa na nyuki wao, maua yao, mvua yao na bibi aliyejifungia ndani. Mjomba, karibu wimbo mzima, alikuwa na neno moja tu. Nabisha, nabisha, nabisha, sauti ikishuka kidogo kidogo kama mtu anayeteremka kwenye ghala la chini na mshumaa mkononi.

Yaliyotokea siku ile ya kufundishwa sikuyaona, nilikuwa bado mtoto wa kulala mapema. Niliyasikia baadaye kutoka pande zote mbili, na pande zote mbili zilikubaliana, jambo ambalo kwetu Bassano si la kawaida.

Alvise hakuushika wimbo upesi. Katika mstari wa tatu, pale penye mvua, sauti ya kwanza inatakiwa ipande, isite kidogo, halafu ishuke kwa kuzunguka. Alvise kila akifika pale alishuka moja kwa moja, kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Mwimbaji akamrudisha. Akamrudisha tena.

"Bwana kinyozi, mvua hainyeshi hivyo."

"Huku kwetu inanyesha hivyohivyo," Alvise akasema. "Toka nje uone."

Wakacheka. Ndipo sauti ikatokea jikoni. Mke wa Alvise, Gaspara, alikuwa anasonga sima ya mahindi, uso kwenye sufuria, na bila kugeuka akauimba mstari ule. Ukapanda, ukasita, ukazunguka, ukatua.

Mwimbaji akasimama. "Nani huyo?"

"Mke wangu," Alvise akajibu, taratibu.

"Basi mleteni hapa! Sauti ya kwanza mnayo jikoni, halafu mnanihangaisha mimi bure!"

Alvise alikuwa ameiva uso. Na mjomba wangu, aliyekuwa tayari kula kiatu kuliko kumwona rafiki yake anaaibika, akasema kwa sauti yake ile nene ambayo hata akinong'ona inafika barabarani:

"Shemeji, geuza sima yako. Kuku jike akiwika, nyumba ina mkosi."

Iseppo akacheka. Mgeni akacheka kwa adabu ya mgeni. Alvise akacheka kuliko wote, kwa kupata nafuu, mpaka akajishika mbavu. Gaspara alitokea mlangoni, mwiko mkononi, akamtazama mumewe anavyocheka. Kisha akamtazama mjomba.

"Haya," alisema, akarudi ndani.

Tangu hapo mjomba akila pale, bakuli lake liliwekwa mbele yake bila neno. Akisalimu, "Shemeji, umeamkaje?" alijibiwa, "Nimeamka." Na jikoni kwa Alvise hapakuimbwa tena hata wimbo wa kubembeleza mtoto.

Dukani, lakini, wimbo wa nyuki ulishika moto. Watu walikuja kunyolewa Jumapili ambao ndevu zao zilikuwa hazijaota. Wachuuzi waliupenda, waosha nguo waliupenda, na padri, ambaye ilibidi asiupende, alikuwa akipita mbele ya duka polepole sana. Kila mtu mjini aliweza kupiga mluzi vipande vya sauti ya kwanza. Besi haikupigiwa mluzi na mtu. Mjomba aliiimba peke yake, kazini na nyumbani, akivua viatu, akimenya kitunguu, nabisha, nabisha, na ukiisikia peke yake hivyo haikuwa wimbo wowote, ilikuwa kama ng'ombe anayetafakari.

"Menego," mama alikuwa akimwambia, "mlango wenyewe bado haujafunguliwa tu?"

"Bado, dada."

"Basi nenda ukabishe kwa jirani, mimi kichwa kinauma."

Miaka ikapita hivyo, na mimi nikakua nikidhani kila nyumba ina mtu wa kuunguruma nyuma ya ukuta.

Kisha ikaja tauni. Wakubwa wa kwetu wanapenda kuisimulia, mimi sipendi. Alvise aliitwa kuwatoa wagonjwa damu na kuwapasua majipu, kwa sababu ndiyo kazi ya kinyozi, na hakukataa kwenda nyumba yoyote. Alikufa mwanzoni. Iseppo akafuata, na mkewe. Mama yangu alikufa siku moja ya joto kali akiwa anatuelekeza wapi pa kuweka chumvi isipate unyevu. Baba hakurudi kutoka mtoni, na wala hatukupata kujua kama ni tauni au ni maji. Watu wa afya wenye makoti ya nta waliingia nyumba hadi nyumba wakichoma magodoro na nguo, na dukani kwa Alvise walichoma hata gitaa dogo lililokuwa linaning'inia ukutani, ambalo wateja walikuwa wakilichezea wakisubiri zamu. Gaspara, asiye na mtoto, akafunga mlango akaenda kwa kaka yake, kwenye vilima vya juu ya Marostica.

Tulibaki wawili nyumbani, mjomba na mimi. Aliendelea na kazi. Sufu zilikuwa chache na watu wa kuzivaa walikuwa wachache zaidi. Alipoanza tena kuunguruma nilifurahi, kisha nikaona kwamba kila akifika mahali fulani ananyamaza, anaanza upya, ananyamaza tena. Mkono ukiwa ndani ya pipa. Macho kwenye ukuta.

"Unatafuta nini, mjomba?"

"Ya juu," alisema. "Fiore, hebu niambie ya juu inaendaje."

Nikamwimbia nilivyokumbuka. Akatikisa kichwa, ilikuwa kipande tu, na kipande chenyewe kilichanganyika na wimbo mwingine. Akawauliza watu. Wote walikuwa na maneno, lakini kila mmoja alikuwa na sauti yake: mwokaji mikate aliiimba kama wimbo wa maandamano, mwosha nguo mmoja aliiimba kama maombolezo. Wale waliokuwa wanaujua vizuri walikuwa wamezikwa nje ya ukuta wa mji. Na mjomba, aliyekaa katikati ya wimbo ule miaka yote hiyo, hakuweza kuutoa. Alikuwa na msingi tu wa nyumba isiyokuwepo.

Akaenda hata kwa mpiga kinanda mpya wa kanisa, kijana msomi, mtu mwema. Alimwimbia besi yake yote. Kijana akasikiliza, akafurahi kwelikweli.

"Besi nzuri sana hii, baba! Juu ya besi hii naweza kukutungia nyimbo ishirini."

"Sitaki ishirini," mjomba akasema. "Nataka moja."

Ni mimi niliyemtaja Gaspara. Alijifanya hakusikia. Nikamtaja tena wiki iliyofuata, akasema Marostica ni mbali, ingawa mtu akitoka asubuhi anafika kabla ya chakula cha mchana na bado ana pumzi ya kulalamika. Akasema goti. Akasema mapipa. Mwishowe, mwezi wa Mei, alivaa shati lake safi, akabeba kitambaa cha sufu alichokitia rangi mwenyewe kwa zawadi, akaniambia, "Twende kabla sijapata akili."

Tulimkuta kwenye nyumba ya kaka yake, iliyozungukwa na miti ya miforosadi. Ulikuwa msimu wa viwavi wa hariri, na ghorofa nzima ya juu ya ghala ilikuwa imejaa matandiko ya matete, moja juu ya jingine, na juu yake viwavi kwa maelfu wanatafuna majani. Ukisimama chini unasikia mtafuno wenyewe. Gaspara alitokea juu ya ngazi, amefunga kitambaa kichwani, amekonda, mvi zimemtoka pembeni.

"Simama hapohapo," alisema. "Usipande. Viwavi hawapendi harufu, na wewe Menego unanuka pipa tangu chini ya kilima."

"Shemeji, nimeoga."

"Umeogea nini, mkojo?"

Watia rangi tunatumia mkojo mapipani, kila mtu anajua, lakini si kila mtu anakusema hivyo mbele ya mpwa wako. Nilitazama chini. Mjomba alitazama chini. Gaspara akateremka, akakipokea kitambaa, akakishika kwenye mwanga, akakipindua upande wa pili.

"Rangi nzuri," alikiri. Kisha akatuelekeza kwenye rundo la matawi. "Kama mmekuja kukaa, chambueni majani. Makavu, yasiyo na umande. Viwavi hawasubiri mazungumzo."

Tukachambua. Jua likapita katikati, kikapu kikajaa, kikapelekwa juu, kikarudi kitupu. Mara moja alishika kiganja cha mjomba akakisugua na jani aone kama buluu inatoka, haikutoka, akamwachia. Kaka yake alitupitia na mkokoteni akatusalimu kama watu aliowazoea. Mpaka pale Gaspara alipoleta mkate na jibini mbichi akakaa nasi kwenye kivuli cha ghala, hakuna aliyekuwa ameuliza tumefuata nini.

"Shemeji," mjomba akasema, "nimekuja kwa ajili ya wimbo."

"Wimbo gani?"

"Wa nyuki."

"Mimi kuku jike, nitajuaje nyimbo?"

Mjomba akaweka mkate wake chini. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka mikono yake, asipate.

"Nilisema vibaya," alisema. "Nilitaka kumwondolea Alvise aibu, nikaichukua nikakutupia wewe. Nilijua siku ileile. Kila nilipopokea bakuli lako nilikuwa najua."

"Na miaka yote hiyo ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Ukaniogopa mimi?"

"Nani asiyekuogopa, shemeji?"

Nusura acheke. Badala yake akaanza kukusanya makombo ya mkate kwenye aproni, moja moja.

"Sikiliza, Menego. Neno lako liliuma, lakini wewe ni mtu wa nje. Aliyenipiga ni yule aliyecheka. Nilikuwa nimeolewa na mtu aliyekuwa anapenda kuimba kuliko kula, na nikadhani siku nikiimba atafurahi." Akaokota kombo jingine. "Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nangoja aulize mwenyewe. Sasa nitamwambia nani?"

Alinyanyuka, akapanda ngazi akaingia kwa viwavi wake. Tulikaa. Mjomba alisema polepole, "Twende, Fiore, tumemsumbua vya kutosha," lakini hakuinuka. Na hapo, kutoka juu, ukaanza.

Hakutuimbia sisi. Alikuwa anatandaza majani, unasikia hatua zake na mchakacho wa matete, na sauti inakwenda na kurudi kadiri anavyotembea. Haikuwa tena sauti ya msichana, ilikuwa na ukavu pembeni, lakini ilijua njia yake yote. Nyuki, mwizi wa maua. Nilimtazama mjomba, nikingoja aingie. Besi inaingia kwenye mstari wa pili. Hakuingia. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa jamaa aliyedhani amekufa. Baadaye aliniambia kwamba ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia. Dukani kila Jumapili alikuwa anahesabu sauti zake mwenyewe, anaogopa kuchelewa, anaogopa kuwahi; wimbo wenyewe ulikuwa unapita juu ya kichwa chake kama ndege.

Beti zote ziliimbwa. Ulipokwisha, mjomba akasema kwa sauti ya kuomba radhi:

"Sivyo."

Hatua zikasimama juu. "Nini sivyo?"

"Pale penye mvua. Alvise hakuimba hivyo. Alikuwa anashuka moja kwa moja."

Tukasikia kicheko kimoja, kikavu.

"Alvise alikosea pale kila Jumapili ya Mungu, miaka yote, na nyinyi mbuzi wawili mkamfuata! Mimi nimeuimba ulivyo."

Jioni tulipokuwa tunateremka, Bassano inaonekana mbali na milima nyuma yake imekuwa ya zambarau, mjomba alitembea mbele yangu mpaka tulipofika penye chemchemi. "Fiore," alisema, "nilidhani natafuta wimbo." Nilingoja amalizie. Alikunywa maji, akajifuta, tukaendelea na safari.

Kabla hatujaondoka Gaspara alikuwa amekubali kuimba nasi, lakini kwa sharti. Atakuja Bassano siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, mvinyo mpya unapofunguliwa, na ataimba dukani mwa Alvise, dirisha likiwa wazi, amekaa kwenye kiti cha kunyolea, mbele ya watu. Jikoni hakanyagi. Na mimi nijifunze sauti ya pili, kwa sababu wimbo wa watatu hauimbwi na wawili. Nilisema sijui kuimba. "Hata wao walikuwa hawajui," alisema.

Duka lilikuwa na kinyozi mpya, kijana kutoka Cittadella, ambaye alikubali upesi alipoelewa kwamba watu watajaa. Wakajaa kweli. Palikuwa na mvinyo mpya wa kukata ulimi na njugu za milimani zinachomwa barabarani, na moshi wake unaingia ndani. Gaspara alikuja amevaa gauni alilolishona kutokana na kile kitambaa cha mjomba. Akakaa kwenye kiti. Mfumaji mmoja mzee karibu na mlango akasema makusudi asikike:

"Ajabu! Siku hizi wanawake wananyolewa?"

"Njoo ukae nikunyoe wewe," Gaspara akamwambia, "uone kama nitabakiza masikio."

Watu wakaangua kicheko, mzee mwenyewe akacheka, na kabla hawajanyamaza vizuri tukaanza. Sina sauti nzuri, lakini Gaspara alikuwa ananivuta kwa mbele na mjomba ananishikilia kwa chini, ikawa kama kuvuka mto kwa kushikwa mikono miwili. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila tukifika kwenye mstari ule alipanda, akasita, akazunguka, akatua, na niliona watu waliokuwa wanaukumbuka wimbo wanatazamana, hawana hakika.

Kwenye ubeti wa mwisho, alipofika pale, hakupanda. Alishuka moja kwa moja, kama ndoo kisimani, na mwishoni akameza pumzi kidogo hivi, kama Alvise alivyokuwa akimeza, kwa sababu alikuwa kila mara anaishiwa. Ilikuwa Alvise mwenyewe. Waliomjua Alvise walishtuka. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Besi ikakatika. Nilimgeukia mjomba nikaona amesimama na mikono yake ya buluu mbele ya tumbo, mashavu yamelowa, hana sauti. Mimi nilikuwa naning'inia hewani na sauti yangu ya pili. Gaspara akanyoosha mguu kutoka kwenye kiti, akamkanyaga.

"Menego! Bisha!"

Na mjomba akabisha. Sauti ikatoka imepasuka, ikapata njia, ikashuka hadi chini, tukamaliza pamoja. Watu walipiga makofi wakacheka, wakidhani ni mchezo tuliopanga. Gaspara alijifuta macho kwa ncha ya mtandio kabla ya mtu kumwona, isipokuwa sisi.

"Ndivyo alivyokuwa anaimba," alimwambia mjomba.

"Ndivyo," mjomba akasema.

Tuliimba pamoja miaka kadhaa baada ya hapo, siku ya Martino, na baada ya Pasaka kabla viwavi hawajaanza kula. Watu walisema hao wataoana, na mjomba, nadhani, alikuwa na wazo hilo, maana siku moja alilitupa mezani kama mzaha. "Shemeji, watu wanasema tuoane." Gaspara hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Watu wanasema mengi. Na bado unanuka." Akamwongezea maharage. Hawakuoana. Lakini neno "nimeamka" sikulisikia tena. Mjomba akisalimu alipewa habari zote, za mgongo, za kaka, za mvua na za majirani wabaya.

Kifua kilimwua mjomba, kwa sababu ya mvuke wa mapipa, wakati wa Kwaresima, ambapo nyimbo za namna ile haziimbwi. Tulimzika bila wimbo. Nilipomwosha nilijaribu mikono yake kwa sabuni na majivu, sijui kwa nini, labda nilitaka nione ilikuwaje kabla. Rangi haikutoka.

Gaspara amezeeka sasa, na tangu kaka yake afariki anakaa nami. Ameufundisha wimbo kwa wasichana wa kuzungusha nyuzi za hariri huko Marostica, nao wamebadilisha maneno, bibi wa ndani sasa ana jina la tajiri wao, na hawana besi kabisa. Nilimwambia wimbo unapungukiwa na kitu. Akasema wasichana wale wanasimama mbele ya maji ya moto ya kulegezea nyuzi tangu asubuhi, waimbe wanavyoweza.

Tunalobishania mimi na yeye ni Iseppo. Sauti ya kwanza Gaspara alikuwa nayo kichwani, besi mjomba alituachia, lakini ya pili hakuna aliyeisikiliza vizuri wakati mwenyewe yuko hai. Alikuwa anaimba amefumba macho, chini chini, katikati ya wale wawili wenye kelele. Gaspara anakumbuka sehemu. Nyingine tulijazia wenyewe kwa kubahatisha, hii inakaa vizuri, hii inakwaruza. Yeye anashikilia kwamba Iseppo alikuwa anapanda kwenye neno "maua". Mimi nasema alibaki palepale. Mke wake hayupo, watoto hakuacha, na yule mwimbaji wa Vicenza hatujui aliko tumwulize. Siku za Jumapili tunauimba kwa njia ya Gaspara, kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Nikiwa peke yangu mtoni na nguo, naimba ya kwangu.